Nilikwenda kumzuru mgonjwa, nikarudi na ripoti

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Ndugu zangu, wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia faragha. Sitamtaja, wala sitataja mji wake. Anafanya kazi kwenye kampuni, wako wanne katika kitengo chao, na mwenzao mmoja ana wiki ya tatu yuko nyumbani kwa ED. Kazi za huyo mwenzao zote zimemwangukia yeye. Anatoka ofisini saa mbili usiku, watoto anawakuta wameshalala, na mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Sasa Jumamosi alipofungua simu akakuta kwenye stetasi ya mtu mwingine picha ya huyo mgonjwa yuko harusini, kavaa sare, kapaka hina, anacheka mpaka gego linaonekana. Dada akaichukua ile picha akaihifadhi. Swali lake: "Sheikh, nikimpelekea bosi picha hii nitakuwa nimesengenya, au nitakuwa nimetimiza amana?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, kama tunavyojibu maswali mengi. Nikaifuta. Nikamwambia, dada yangu, nipe siku chache, maana umeniuliza jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea zamani, na kosa langu alililipia mtu mwingine. Amenipa ruhusa niandike hapa. Basi someni kwa utulivu, chapisho ni refu.

Wengi wenu mnanijua kwa darsa. Wachache wanajua kwamba kabla ya haya nilikuwa mwalimu wa sekondari. Mwaka 2008 nilikuwa nafundisha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu kwenye shule moja huko milimani, wilaya ya Lushoto. Anayeijua Lushoto anaijua baridi yake. Juni ikiingia ukungu unashuka asubuhi mpaka huoni mti wa pili, na wanafunzi wanakaa darasani mikono wameificha ndani ya sweta. Sisi tuliotoka pwani tulikuwa tunaihesabu ile miezi kama wafungwa.

Kulikuwa na mwalimu wa hisabati, kijana wa pwani kama mimi. Mcheshi, mtu wa watu, na hisabati alikuwa anaifundisha mpaka watoto wanaipenda, jambo ambalo mnajua si la kawaida. Ila alikuwa na jambo moja lililotuchosha: ED. Siku tatu, siku tano, mara wiki nzima. Akiondoka tunagawana vipindi vyake. Mimi wa Kiswahili nasimama mbele ya kidato cha pili nawasimamia wafanye maswali ambayo wallahi hata mimi siyaelewi.

Mtu akichoka huanza kuhesabu, na sisi tukahesabu. Januari haumwi. Februari haumwi. Jua likiwaka yupo, anapiga soga chini ya mti, anatembea na sisi mpaka sokoni. Baridi ikianza tu, ED. Na kila mtu pale alijua kwamba ameshaandika barua mbili za kuomba uhamisho arudi pwani, zote zikagonga mwamba. Basi hesabu ikawa imekamilika: huyu anajitengenezea faili la ugonjwa ili ahamishwe. Tena daktari aliyekuwa akimwandikia alikuwa mtu wa Tanga mjini, kwa hiyo tukasema wanajuana. Mwalimu mmoja akasema pale ofisini kwetu, "Ugonjwa gani huu unaojua kalenda?" Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, ustadh mwenye kofia.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba mkuu wa shule akaniita. Akaniambia, "Ustadh, wewe ni jirani yake, halafu ni mtu wa dini. Hebu kamtazame." Hakusema kampeleleze. Lakini alivyolitamka lile neno na mimi nilivyolipokea, tulielewana vizuri sana.

Nikanunua kilo ya sukari na mapeasi, nikaenda.

Hapa nataka unisikilize vizuri, ndugu yangu, kwa sababu hapa ndipo dhambi yangu ilipo, na ilikuwa imevaa nguo za ibada. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Imepokelewa na Imam Muslim, katika hadithi qudsi, kwamba Siku ya Kiyama Allah (s.w.) atamuuliza mja kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, na mja atashangaa Mola wa walimwengu augue vipi, naye ataambiwa kwamba fulani aliugua na lau angemzuru angemkuta Allah kwake. Hadithi hii nilikuwa naifundisha. Na siku ile nilipiga hodi mlangoni kwa mgonjwa nikiwa na nia ya kumkamata.

Mkewe akafungua. Nikaingia. Nikamkuta amekaa kwenye kiti, hakulala. Amevaa sweta mbili na soksi. Jiko la mkaa lipo karibu na miguu yake. Pembeni ana dumu dogo la maji na kikombe. Kwenye sahani kuna mandazi. Nikamwambia "pole sana mwalimu", akasema "nimeshapoa, alhamdulillahi". Tukazungumza. Nikamsimulia kisa cha mwanafunzi mmoja aliyeandika insha ya ajabu, akacheka. Huku nacheka naye, jicho langu linatembea. Amekaa, nikaweka alama. Anakula, nikaweka alama. Anacheka, nikaweka alama. Anaota moto kama mtu aliye likizo, nikaweka alama. Dumu la maji sikujua niliweke wapi, nikaliacha.

Nikaomba dua pale. Naam, nilimwombea dua ya mgonjwa, nikanyanyua mikono.

Mkewe akanisindikiza mpaka kwenye njia. Akaniambia, "Shemeji, Allah akulipe. Wewe ndiye mwalimu wa kwanza kuja."

Ijumaa asubuhi nikamwambia mkuu wa shule: nimemkuta amekaa, anakula mandazi, anacheka. Basi. Sikuongeza hata neno moja. Sikusema haumwi. Kila nilichokisema kilikuwa kweli tupu.

Unajua Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kusengenya: je, ikiwa ninalolisema mtu huyo analo kweli? Akajibu kwamba likiwa la kweli ndiyo umemsengenya, na likiwa si la kweli umemzulia. Hadithi ipo kwa Muslim, na nyote mmeisikia mara nyingi. Mimi nilijipatia daraja la tatu ambalo sikulitafuta kitabuni. Nilichukua vipande vya kweli, nikavipanga vikatoa uongo, na mtu akinihoji nitasema sikudanganya. Mkuu hakuhitaji zaidi. Wiki iliyofuata mwalimu wa hisabati akapata barua ya onyo, na kwenye barua kulikuwa na maneno "taarifa za kuaminika". Hizo taarifa za kuaminika ni mimi.

Akaacha kuomba ED. Tukasema: mnaona? Amepona ghafla.

Mwezi wa nane, asubuhi ya ukungu, watoto wawili wa kidato cha pili wakaja mbio ofisini: "Mwalimu amekaa chini, hanyanyuki." Tukamkuta kwenye sakafu ya darasa, mgongo kauegemeza ukutani chini ya ubao, chaki bado iko mkononi. Halii. Watoto arobaini wamekaa kimya, nusu ya swali liko ubaoni. Shule haikuwa na gari. Tukasimamisha pikapu iliyokuwa inapeleka kabichi, tukampandisha, nikakaa naye nyuma, kichwa chake mapajani kwangu. Kila gari linapopita kwenye shimo alikuwa anasema neno moja tu: "Taratibu." Hakuwa anamwambia dereva, kwa sababu dereva hawezi kusikia. Nadhani alikuwa anayaambia maumivu.

Hospitali muuguzi wa zamu akamtazama usoni, akamwita kwa jina. Akatugeukia sisi: "Huyu mbona mmemchelewesha hivi? Kila siku nawaambia walimu wa selimundu wasikae na maumivu mpaka wadondoke." Alikuwa anatusema kama watu tunaojua.

Selimundu, wengine mnaiita sikoseli. Mtu anaizaliwa nayo, anairithi kwa baba na mama wote wawili. Chembe nyekundu za damu, ambazo kawaida ni za mviringo na laini, kwake zinajikunja zinakuwa kama mundu, ndiyo maana ya jina. Zikijikunja zinakwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na mahali pale panauma maumivu ambayo wenyewe wanashindwa kuyaeleza. Zinachochewa na nini? Baridi. Kupungukiwa maji mwilini. Uchovu. Homa na maambukizi. Na kati ya shambulio na shambulio mtu anaweza kuwa mzima kabisa, anatembea sokoni, anapiga soga chini ya mti. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huu, na mimi mwalimu mwenye shahada nilikuwa siujui zaidi ya jina.

Sasa rudi pale sebuleni kwake. Sweta mbili. Jiko la mkaa. Dumu la maji. Ndugu yangu, mimi nilikuwa nimeuona ugonjwa mzima, umewekwa mbele yangu kipande kimoja kimoja, na nikauandika kama ushahidi kwamba haupo. Na lile swali tulilolichekea, ugonjwa gani unaojua kalenda? Ni huo. Ulikuwa unajua kalenda ya baridi ya Lushoto kuliko sisi. Tulihesabu sawasawa, miezi ilikuwa ileile, na hesabu yetu ndiyo iliyotupoteza, kwa sababu tulikuwa na namba lakini hatukuwa na elimu ya kuzisoma.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma aya ya 12 ya Suratul Hujuraat naitazama kwa jicho jingine. Allah (s.w.) ameanza kwa kutukataza dhana nyingi, akafuatisha upelelezi, akamalizia na kusengenyana. Mimi niliipanda ngazi ile yote, tena kwa mpangilio uleule. Tulianza na dhana ofisini, nikaenda kupeleleza sebuleni, nikarudi kusema kwa mkuu. Kila hatua iliifungulia nyingine mlango.

Najua kuna mtu anasema moyoni: "Sawa Sheikh, huyo wako alikuwa mgonjwa kweli. Na je, yule anayedanganya?" Wapo. Sitajifanya kwamba hawapo. Wapo wanaonunua ED kwa pesa, fomu imegongwa muhuri na daktari hajamwona mtu. Wapo wanaoumwa kila Jumatatu kwa sababu ya waliyoyafanya Jumapili. Kwa hao nina maneno, nitayasema. Lakini kwanza nikupeleke Tabuk.

Mwaka wa 9 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitoka na maswahaba kwenda Tabuk, wakati wa joto kali na matunda yameiva Madina. Ka'ab bin Malik (r.a.) alibaki. Hakuwa na udhuru wowote, na yeye mwenyewe alikuja kulisema hilo: hakuwahi kuwa na afya na uwezo kama wakati ule. Kila siku alikuwa anajiambia kesho nitajiandaa, mpaka jeshi likawa mbali. Kule Tabuk, Mtume (s.a.w.) akaulizia Ka'ab amefanya nini. Mtu mmoja akasema kilichomzuia ni nguo zake nzuri na kujitazama, yaani anajipenda. Muadh bin Jabal (r.a.) akamkatiza palepale, akamwambia amesema neno baya, na kwamba wao hawajui kwa Ka'ab isipokuwa kheri. Mtume (s.a.w.) akanyamaza.

Tazama hapo, usipite haraka. Ka'ab kweli alikuwa na kosa. Yule aliyemsema hakuwa mbali sana na ukweli, na Muadh aliyemtetea alikuwa hajui kilichotokea. Hata hivyo wanachuoni wetu wanamsifu Muadh na wanatufundisha kitendo chake kama mfano wa kulinda heshima ya ndugu asiyekuwepo. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba dhana yako kugonga ukweli si hoja ya kuihalalisha. Siku ile ofisini kwetu, hata kama mwalimu wa hisabati angekuwa anadanganya, kicheko chetu kilikuwa haramu vilevile.

Na kisa hakijaisha. Mtume (s.a.w.) aliporudi Madina, waliobaki nyuma wakaja, watu themanini na kidogo, kila mmoja na udhuru wake na kiapo chake. Na wengi wao walikuwa wanadanganya. Yeye, ambaye wahyi unamshukia, akazipokea nyudhuru zao kwa dhahiri yake, akawaombea msamaha, na siri zao akamwachia Allah. Hakutuma mtu kwenda kuchungulia nyumba zao. Ka'ab akasema kweli, na kwa kusema kweli alisuswa usiku hamsini, dunia ikamwia finyu, mpaka toba yake ikashuka katika Suratut Tawba. Waongo walikwenda makwao siku ileile, na aya zikawashukia baadaye. Yaani wote walipata walichostahili, na hakuna aliyelazimika kuwa mpelelezi.

Basi wewe unayetumia ED ya uongo, haya ni yako. Usifurahi kwamba bosi ameamini. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba yeye ni binadamu, anahukumu kwa anayoyasikia, na akimpa mtu haki ya nduguye kwa sababu ya ufasaha wa maneno yake, basi anamkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi kisicho haki yako, muhuri wa zahanati utahalalisha nini? Mshahara wa siku zile ni mali uliyoichukua kwa uongo, na toba yake si istighfari peke yake: rudisha, au zifanyie kazi siku hizo bila malipo. Na mwenzako aliyebeba kazi yako ana haki yake pia, kamwombe radhi. Kuna maneno yanasambazwa kwenye makundi kwamba Mtume amesema msijifanye wagonjwa mtaugua kweli. Wanachuoni wa hadithi wameyakataa hayo, msiyasambaze. Aliyedanganya hahitaji kutishwa kwa hadithi isiyothibiti.

Na ubaya wake mwingine ni huu: kila mwongo mmoja anamnyang'anya mgonjwa wa kweli kuaminiwa kwake. Sisi tulimshuku yule mwalimu kwa sababu tulishawahi kuona waongo.

Hebu fikiri kuhusu Ramadhani. Funga ni nguzo ya Uislamu. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na nani anaamua kwamba anaumwa? Wanachuoni wamesema ni yeye mwenyewe kwa anavyojijua na uzoefu wake, au daktari anayeaminika akimwambia. Hawakumtaja jirani wala jamaa wa msikitini. Allah (s.w.) ameiweka nguzo nzima mkononi mwa mgonjwa na dhamira yake, na sisi tunashindwa kumwachia mtu vipindi vitatu vya hisabati.

Mtaniuliza yaliyompata. Alilazwa siku kumi na kitu, akapelekwa Tanga mjini, na mwaka uliofuata akahamishiwa pwani. Kabla hajaondoka nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia, ile taarifa yangu ilikuwa na sumu. Mkuu akainamisha kichwa, barua ikatolewa kwenye faili. Kwenye kikao cha walimu nikasimama nikasema nilimdhania ndugu yetu ubaya na nikausema, na nimekosea. Lakini walimu wawili walikuwa wameshahama. Maneno yalihama nao, sijui yako shule gani leo.

Kwake yeye sikwenda. Niliona haya. Nilimkuta miaka sita baadaye Tanga, nje ya msikiti baada ya Alasiri, anatembea na fimbo. Ugonjwa ule huharibu nyonga. Tukakaa kwenye baraza ya duka, akaagiza kahawa. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia kule shuleni anaumwa nini. Akasema kituo chake cha kwanza aliwaambia. "Wakaanza kunihesabia miaka, Ustadh. Nikipiga chafya wananitazama kama maiti. Nikasema huko niendako bora niitwe mvivu."

Ndipo nikamwambia. Taarifa za kuaminika nilikuwa mimi.

Alinyamaza sana. Kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Wallahi. Lakini siku ile ulivyokuja na mapeasi, mimi na mke wangu tulifurahi sana. Mpaka leo huwa tunaitaja. Hiyo ungeniachia."

Wanachuoni wamehitilafiana katika hili. Wako waliosema ukimsengenya mtu lazima umwendee akusamehe. Wako waliosema, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim ni miongoni mwao, kwamba ikiwa hajui usimwambie: mwombee msamaha, mtaje kwa uzuri palepale ulipomtaja kwa ubaya, kwa sababu kumwambia ni kumjeruhi mara ya pili. Mimi nilikuwa naijua hitilafu hii kwa kuisoma. Pale barazani ndipo nilipoiona ina uso. Kwangu mimi kulikuwa na barua ya onyo, madhara yalishamfikia, na bado naona ilikuwa haki yake kujua yametoka wapi. Lakini sikulala vizuri usiku ule, na sina uhakika kwamba niliyemfikiria nilipokuwa nasema alikuwa yeye au nilikuwa naupumzisha moyo wangu.

Sasa, dada yangu, swali lako.

Kwanza, kuchoka kwako ni kwa kweli na ni haki yako kukusemea. Nenda kwa bosi, tena kesho, umwambie: kazi hizi ni za watu wawili, mimi siziwezi, tafadhali ongeza mtu au punguza kazi, na saa za ziada zilipwe. Hapo hujamsengenya mtu. Uchovu wako hauhitaji mwenzako awe mwongo ndipo uwe na haki. Ungemkuta yuko chumba cha wagonjwa mahututi, bado wewe ungekuwa unatoka saa mbili usiku na bado ingekuwa dhulma. Sisi kule Lushoto tungemwambia mkuu wa shule kwamba walimu hatutoshi, na hilo lilikuwa kweli, lakini hatukulisema. Tulimsema mgonjwa, kwa sababu ni rahisi zaidi.

Pili, kumhakiki ni kazi ya mwenye dhamana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huku Tanzania Bara, imempa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu mshahara, kwa sharti alete cheti cha daktari. Bosi akiwa na shaka na cheti, ana njia ya kukiuliza kilikotoka. Njia hiyo ina daktari ndani yake, haina stetasi. Na wewe uliye bosi unayesoma hapa, ukiitumia njia hiyo kwa heshima hujamdhulumu mtu. Ila usimtume mfanyakazi mwenye kilo ya sukari.

Tatu, ukiitwa rasmi ukaulizwa, sema ulichokiona na ukomee hapo: niliona picha, sijui ni ya siku gani, sijui alikaa muda gani, sijui anaumwa nini. Kuna maradhi ambayo daktari mwenyewe humwambia mtu atoke nje akae na watu. Kuna mtu ameshonwa tumbo, anapelekwa harusini kwa saa moja akae kitini kwa sababu bibi harusi ni mdogo wake. Na huenda anadanganya. Picha haijui. Picha inajua hina na kicheko.

Nne, na hili ni gumu kidogo. Una wiki tatu unamkasirikia mtu huyu, na katika ujumbe wako mrefu sikuona mahali umesema umekwenda kumwona, wala kumpigia simu. Nenda. Lakini usiende leo, wakati picha ingali kwenye simu yako. Ifute kwanza, zipite siku mbili tatu, ndipo uende. Peleka chochote, hata mapeasi. Usimuulize anaumwa nini, akitaka atasema. Muombee dua, usikae sana, uondoke.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.